Thomas Hunt Morgan: mtaalamu aliyesahihishwa na nzi

Nzi wadogo wenye macho mekundu wanaozingira ndizi zilizoiva mno sokoni Kamembe wana jamaa zao katika maabara za dunia nzima. Aliyewapa hadhi hiyo ni Mmarekani Thomas Hunt Morgan, aliyezaliwa Lexington, Kentucky, mwaka 1866.

Morgan alianza kama mtafiti wa viinitete. Lililomshughulisha ni jinsi yai moja linavyozaa kichwa, mbawa na neva. Kwa miaka mingi alizitilia shaka kanuni za urithi za Mendel, wala hakusadiki kwamba kromosomu ndizo zibebazo sifa za kurithi. Katika chumba kidogo cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, yeye na wanafunzi wake walifuga nzi kwa maelfu ndani ya chupa za maziwa. Mwaka 1910 akatokea dume mmoja mwenye macho meupe. Alipopandishwa kwa majike wa kawaida, weupe ulitoweka kwa watoto, ukarudi kwa wajukuu, tena kwa madume tu. Ikambidi Morgan akiri kwamba sifa hiyo husafiri na kromosomu ya jinsia, jambo lile lile alilolipinga. Si wengi wa cheo chake waliokubali kushindwa na mdudu.

Alitunukiwa Nobel mwaka 1933, na sehemu ya fedha akawapa watoto wa wasaidizi wake, Bridges na Sturtevant.

Swali la ujanani lilibaki: ikiwa kila seli ina jeni zile zile, kwa nini moja iwe neva na nyingine ngozi? Katika kitabu chake cha mwaka 1934 alidokeza kwamba jeni haziamki zote pamoja, bali kwa zamu na kwa mahali. Uthibitisho hakuuona, alifariki mwaka 1945.

Ufunguo mmoja ulikuwa umeshapatikana kwake, kwa nzi mwenye mbawa zenye pengo. Donald Poulson alibaini kuwa kiinitete kisicho na jeni hiyo, iitwayo Notch, hufurika neva mahali pa ngozi, kisha hufa. Leo inajulikana kuwa kwa njia yake seli jirani hupashana habari, na jeni viongozi huwashwa au kuzimwa. Binadamu anazo nne za ukoo huo. Hitilafu katika mojawapo huleta kiharusi cha kurithi.

Asili ya nzi huyo ni Afrika. Miongoni mwa waliosomwa jeni zao zote, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wamo wa Gikongoro, mji anaoupita kila msafiri atokaye Rusizi kwenda Huye baada ya msitu wa Nyungwe.