Marehemu Shaaban Robert na Siri ya Manyani

Ndugu mhariri ameniomba habari za mtu mashuhuri ambazo zaweza kuwafaa vijana walioko shuleni sasa. Nimemchagua marehemu Shaaban Robert, maana nina deni kwake tangu kidato cha pili.

Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha kwa miaka mingi. Wenzangu wengi hawajui kwamba alipata kuwa jirani yetu: kati ya 1944 na 1946 alifanya kazi Idara ya Wanyama huko Longido, nyuma ya Mlima Meru ukishika njia ya Namanga. Baadaye alirudi Tanga, na alifariki Juni 1962.

Deni langu ni la kitabu cha Adili na Nduguze, kilichotoka 1952. Shuleni nakala zilikuwa chache, tukisoma kwa zamu. Zamu yangu iliishia pale Ikibali, aliyetumwa Janibu kwa kazi ya kodi, anapochungulia usiku na kumwona mtawala Adili akiwachapa manyani wawili. Nikaandika insha kali ya kumlaani Adili. Mwalimu aliirudisha bila alama, pamoja na kitabu.

Mbele nikakuta kwamba Mfalme Rai, mpenda wanyama, alimwita Adili ajieleze. Hapo ndipo tunapojua kuwa manyani wale ni kaka zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu. Jini Huria alimwokoa, akawageuza wale manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku.

Asili ya kisa imo katika Alfu Lela Ulela, lakini hilo halimpunguzii mwandishi sifa. Angetuambia uovu wa ndugu hao mwanzoni, kiboko kisingetushtua. Alituacha kwanza tuhukumu pamoja na Ikibali. Tena Adili hasemi ya nyuma kwa kupenda. Ameulizwa na mwenye haki ya kuuliza. Katika Kusadikika, cha 1951, ni vivyo hivyo: safari za wajumbe sita zilikwisha zamani, ila Karama anazisimulia barazani kwa kuwa yuko hatarini.

Nasema haya kwa sababu hadithi za vijana wetu ninazoletewa huanza na kuzaliwa kwa mhusika Sanawari au Usa River, kazi ya baba yake, darasa la kwanza hadi la saba, na kufikia ukurasa wa nne bado hajafanya jambo lolote. Mimi huandika pembeni: nani humu hadithini anataka kuyajua haya, na kwa nini leo?

Insha yangu niliiandika upya. Nilipata 12 kwa 20. Mwalimu alisema safari hii nimewaonea Hasidi na Mwivu, maana nilisahau kwamba mwishoni Rai aliwaombea wakarudia utu wao.