Eugène Christophe: Jezi ya njano, theluji na uma uliovunjika mara tatu

Hapa kwetu ukitaja jezi ya njano kijiweni, nusu ya watu watashangilia na nusu nyingine watanuna. Kule Ulaya jezi hiyo haina utani wa jadi. Huvaliwa na mtu mmoja tu, yule anayeongoza mbio za baiskeli za Tour de France, na akipitwa anaivua na kumwachia mwenzake. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, aliimaliza nayo mara nne. Lakini mtu wa kwanza kukabidhiwa jezi hiyo alizaliwa miaka 100 kabla ya Froome, na mbio zenyewe hakuwahi kuzishinda hata mara moja.

Anaitwa Eugène Christophe. Alizaliwa Januari 22, 1885, Malakoff, pembeni kidogo ya Paris. Kazi aliyojifunza ujanani ilikuwa ufundi wa makufuli na vitasa, na msomaji aiweke kichwani hiyo, maana itakuja kumfaa. Alikuwa na masharubu makubwa, na mashabiki walimwita Cri-Cri. Aliingia kwenye mbio za kulipwa mwaka 1904 na hakutoka mpaka 1926. Miaka 22 juu ya tandiko, bwana! Mchezaji wa mpira akicheza miaka 22 tunaanza kuulizana vyeti vya kuzaliwa.

Ili kuelewa jamaa alikuwa mtu wa aina gani, twende Italia, Aprili 3, 1910. Siku hiyo kulikuwa na mbio za kutoka Milan hadi San Remo, karibu kilomita 290 kwa siku moja. Waliojitokeza kuanza walikuwa 63. Katikati ya njia kuna kilima kinaitwa Turchino. Si mlima wa kutisha. Njia yake haifiki hata mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Dodoma yetu iko juu kuliko hapo. Shida haikuwa urefu. Shida ilikuwa hali ya hewa: mvua, upepo, halafu theluji, barabara yote matope.

Sasa fikiria walichovaa. Fulana ya sufu, kaptura ya sufu, soksi, kofia ya kitambaa, na tairi za akiba zimezungushwa mabegani kama mkanda wa askari. Sufu ina sifa yake, inabakiza joto kiasi hata ikilowa. Lakini inakunywa maji kama sponji, na ikishalowa unabeba mzigo mwilini. Mwendesha baiskeli akipanda mlima anatoka jasho, nguo inalowa kutokea ndani huku mvua inailowesha kutokea nje. Akifika juu anaanza kushuka. Hapo miguu haifanyi kazi tena, mwili hautengenezi joto, na kasi inamletea upepo usoni na kifuani. Ndani ya dakika chache vidole havihisi breki. Kwenye mpira uwanja ukijaa maji mwamuzi anasimamisha, na mapumziko ukirudi chumbani kuna jezi kavu. Kwenye baiskeli za wakati ule hakukuwa na chumba wala cha kubadilisha.

Christophe alikuwa anamfukuza Mbelgiji Cyrille Van Hauwaert, mmoja wa mabingwa wa zama zile. Karibu na kilele vidole vilikakamaa na miguu ikafa ganzi, akalazimika kushuka na kutembea, mara akimbie, ili damu irudi. Upande wa pili alimkuta Van Hauwaert kasimama, baiskeli mkononi, kajifunika joho, hana hamu tena na mbio. Christophe akampita. Mbele zaidi theluji ilifika kama sentimita 20, baiskeli ikawa ya kusukuma tu. Halafu tumbo likamkamata, akaanguka kwenye jiwe kando ya barabara.

Aliokolewa na mpita njia aliyemwingiza kwenye kijumba cha wageni. Mwenye nyumba alifanya jambo la kwanza ambalo hata leo wahudumu wa milimani hufanya: alimvua nguo zote zilizolowa, akamfunga blanketi. Mfaransa yule, Kiitaliano hajui, akaomba maji ya moto kwa maneno ya kuokoteza na kuonyesha kidole kwenye chupa za ramu. Akafanya mazoezi ya viungo mle ndani mpaka akaanza kuhisi mwili wake. Muda si mrefu akaingia Van Hauwaert mwenyewe pamoja na Ernest Paul. Walikuwa wameganda kiasi cha kutaka kutia mikono ndani ya moto, na Paul alikuwa amepoteza kiatu kimoja njiani bila kujua.

Kupitia dirishani aliona wapinzani wanne wakipita, kila mmoja kama rundo la matope linalotembea. Hapo ndipo mtu mwingine angesema basi. Yeye, baada ya kama dakika 25 mle ndani, aliamua kuondoka. Mwenye nyumba akamkatalia kabisa, na Paul akamwona amechanganyikiwa. Ikabidi amdanganye mwenyeji wake kwamba anakwenda tu kutafuta mtu wa kumpeleka San Remo kwa treni. Akatoka, akawapita mmoja mmoja wale waliomtangulia, akashuka hadi pwani ambako theluji haikuwepo, na akafika San Remo baada ya saa 12 na zaidi ya dakika 20. Ameshinda. Luigi Ganna, bingwa wa kwanza wa Giro d'Italia, alifika wa pili lakini akaenguliwa kwa kupanda gari. Waliomaliza mbio hizo hawafiki idadi ya vidole vya mkono mmoja.

Ushindi huo ulimgharimu. Alilazwa hospitali mwezi mzima kwa madhara ya baridi, na afya yake ilichukua karibu miaka miwili kurudi sawasawa. Leo kijana anayekwenda kuchezea baiskeli ya milimani kwenye matope ya Ulaya wakati wa baridi anavaa matabaka matatu: la ndani jembamba la kutoa jasho mwilini, la kati la kutunza joto, la nje la kuzuia upepo na mvua. Anaongeza suruali isiyopitisha maji, iliyoimarishwa makalioni ambako gurudumu la nyuma linarusha tope, glavu, na mfuniko wa viatu. Kitambaa kinachozuia mvua lakini kinaruhusu mvuke wa jasho kutoka kilipata njia mwaka 1969, Bob Gore alipovuta aina ya plastiki kwa ghafla kule Marekani na kuiona inatanuka bila kukatika. Christophe alikuwa amebakiza miezi michache ya kuishi.

Na msidhani baada ya hospitali alikimbia matope. Alikuwa bingwa wa Ufaransa wa mbio za baiskeli za nyikani, zile za majira ya baridi ambazo mtu anaendesha kwenye tope na kubeba baiskeli begani akikutana na kikwazo. Alitwaa ubingwa huo mfululizo kuanzia 1909 hadi 1914, akarudi kuuchukua tena 1921 akiwa na miaka 36.

Kilichomsumbua zaidi maishani ni uma wa mbele, kile chuma kinachoshika gurudumu. Mwaka 1912 alikuwa ameshinda hatua tatu mfululizo za Tour, akamaliza wa pili kwa sababu ya hesabu za pointi. Mwaka uliofuata mambo yalikuwa yanamwendea vizuri mpaka alipokuwa anashuka mlima Tourmalet, kwenye safu ya Pyrenees. Uma ukavunjika. Kanuni zilimkataza kusaidiwa na mtu yeyote, wala kubadili baiskeli. Akaibeba begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia karakana ya mhunzi. Hapo ufundi wa makufuli ukamfaa. Akafua chuma mwenyewe kwa saa kadhaa, waamuzi wamesimama wanamwangalia. Kosa lake likawa moja, mtoto mmoja alimvutia mivukuto ya moto. Wakamwongezea adhabu ya dakika 10, baadaye zikapunguzwa hadi tatu. Waamuzi wetu tunaowalalamikia kila Jumapili wana huruma, kiukweli. Tour ikaenda kwa Mbelgiji Philippe Thys, Christophe akamaliza wa saba.

Ikaja vita kuu. Tour iliporudi mwaka 1919 viwanda vilikuwa hoi, na waendeshaji wengi walivaa fulana za kijivu zinazofanana. Watu wa barabarani hawakujua nani anaongoza. Mwandaaji, Henri Desgrange, akaamua kiongozi avae rangi yake, na Julai 19 mjini Grenoble Christophe, wakati huo ana miaka 34, akakabidhiwa jezi ya njano. Gazeti la Desgrange, L'Auto, lilichapwa kwenye karatasi ya njano, na hiyo ndiyo sababu inayotajwa sana. Mwenyewe hakuifurahia, maana watazamaji walimtania kuwa chiriku.

Alikuwa anaongoza kwa dakika 28, zimebaki hatua mbili. Ni kama timu iko mbele 3-0 dakika ya 85. Hatua ya Metz hadi Dunkirk ilikuwa kilomita 468, sehemu kubwa barabara za mawe, na pale Valenciennes uma ukavunjika tena. Akautengeneza kwenye kiwanda kidogo cha baiskeli, muda wa zaidi ya saa ukapotea, na Firmin Lambot, Mbelgiji, akachukua Tour. Christophe akawa wa tatu. Wafaransa waliumia kiasi cha kumchangia kupitia gazeti: zikapatikana faranga 13,310, nyingi kuliko zawadi ya bingwa mwenyewe.

Mwaka 1920 alijifariji kwa kushinda Paris–Tours na Bordeaux–Paris. Mwaka 1922, ana miaka 37, alivaa njano tena, na hakuna aliyewahi kuivaa akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Halafu kwenye mlima Galibier uma ukavunjika mara ya tatu.

Alishiriki Tour 11 na kumaliza nane. Alifariki Februari 1, 1970, akiwa na miaka 85. Pale Sainte-Marie-de-Campan kuna kibao cha kumbukumbu kwenye ile karakana na sanamu yake kijijini. Na kwa miaka mingi mikanda ya kufungia miguu kwenye pedali iliuzwa ikiwa na jina Christophe, mpaka miaka ya 1980 viatu vya kunasa kwenye pedali vilipoanza kuiondoa barabarani.