Mwindaji na Sharti la Baba Yake

Mwanafunzi mmoja aliniuliza majuzi iwapo jambo lisilokatazwa na sheria laweza kuwa ovu. Tulikuwa tukizungumzia uwindaji, ambao nchini mwetu ulipigwa marufuku mwaka 1977. Nilimjibu kwa maisha ya Aldo Leopold, Mmarekani aliyezaliwa Burlington, jimbo la Iowa, mwaka 1887, na ambaye mwenyewe alikuwa mwindaji.

Baba yake alimpa bunduki angali mvulana, akamruhusu kuwinda kwale kwa sharti moja: asimpige ndege aliyetua mtini, bali ampige akiruka. Hapakuwa na sheria iliyodai hivyo, wala mtu msituni wa kumchungulia. Mvulana akawaacha kwale waliotulia matawini huku mkono ukimwasha, akawafyatulia waliokuwa wakiruka, akawakosa. Leopold alishikilia kwamba hapo ndipo alipoanza kujifunza maadili.

Elimu hiyo haikumfikisha mbali upesi. Alipohitimu masomo ya misitu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1909, alipelekwa kufanya kazi ya misitu Arizona na New Mexico. Huko, heshima aliyompa kwale hakumpa mbwa mwitu. Siku moja yeye na wenzake walimmiminia risasi mbwa mwitu jike aliyekuwa na wanawe. Alipomfikia angali anakata roho, aliona mwanga ukizimika machoni pake. Ungedhani alitubu papo hapo. La hasha! Kwa miaka mingi aliendelea kuhimiza wanyama walao nyama wamalizwe New Mexico, akiamini kuwa wakitoweka wao, kulungu wa kuwindwa watazidi. Baadaye alishuhudia kulungu wakizidi mno, wakitafuna miche na vichaka hadi milima ikabaki uchi, kisha wakifa njaa.

Mwaka 1933 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1944 ndipo alipoandika makala ya kukiri kosa lake. Mimi simsamehe upesi, maana miaka 35 ni mingi. Hata hivyo, ni wataalamu wangapi hukubali kujisahihisha hadharani? Alifariki tarehe 21 Aprili 1948, moyo ukimsimama alipokuwa akisaidia kuzima moto shambani kwa jirani. Kitabu chake maarufu, A Sand County Almanac, kilichapishwa mwaka uliofuata.

Koyote, mnyama wa ukoo wa mbwa anayefanana na bweha, hakumalizwa kama mbwa mwitu. Hadi leo majimbo mengi ya Marekani huruhusu awindwe mwaka mzima bila kikomo cha idadi, na kumekuwa na mashindano ya kumtuza aliyeua wengi zaidi. California ilikomesha zawadi hizo mwaka 2014. New Mexico, ile ile ya Leopold, iliyapiga marufuku mashindano ya kuua koyote mwaka 2019. Katika majimbo mengine mengi bado ni halali, na mshindi huondoka na kitita chake.