Tyndall: Bwana wa mwanga aliyeuawa na kosa la dawa

Wiki hii tumtazame John Tyndall, aliyezaliwa mwaka 1820 katika kijiji cha Leighlinbridge, Ireland. Alikuwa mpima ardhi, akafundisha shule, kisha akaenda Ujerumani kusoma sayansi akiwa mtu mzima. Mwaka 1853 akawa profesa katika Royal Institution, London.

Mwaka uliofuata alimulika mwanga ndani ya maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka tundu la chombo. Mwanga ukafuata maji yalivyopinda mpaka chini. Kwa haki, Daniel Colladon wa Geneva alikuwa ameonyesha jambo hilo zaidi ya miaka kumi kabla yake. Leo kuna vipimo vidogo vya maabara vinavyotumia kanuni hiyo hiyo. Mwanga hupita katika njia nyembamba kuliko unywele, iliyochorwa juu ya kipande cha kioo, na sehemu yake ndogo huchungulia nje ya njia. Hapo juu hupandikizwa kingamwili. Zikinasa kijidudu au kemikali inayotafutwa, mwendo wa mwanga hubadilika, na kipimo husoma badiliko hilo.

Tyndall aligundua pia kuwa hewa ya kabonidayoksaidi hunyonya mionzi ya joto. Miaka ya 1860 maabara yake ikaipima hewa hiyo katika pumzi ya binadamu kwa njia hiyo. Kwangu mimi daktari, hili ni kubwa kuliko lile la maji. Mgonjwa akilazwa usingizi kwa upasuaji, mashine yenye kanuni hiyo hutuonyesha kama mpira wa kupumulia umeingia kwenye njia ya hewa au umepotelea tumboni.

Yeye mwenyewe usingizi ulimpa taabu. Alitumia klorali ili alale, na magnesia kwa ajili ya tumbo. Tarehe 4 Desemba 1893 mkewe, Louisa, alimpa klorali akidhani ni magnesia. Kosa lilitambuliwa mara moja na madaktari wakaitwa, lakini alifariki siku hiyo hiyo. Simlaumu Louisa, chupa mbili kando ya kitanda kimoja ni mtego kwa yeyote anayeuguza. Dawa ya usingizi isikae pamoja na ya kiungulia, na lebo isomwe kabla ya kumimina, hata kama unaijua chupa.

Louisa aliishi hadi mwaka 1940, akikusanya barua na karatasi za mumewe ili aandikiwe wasifu. Kitabu kilitoka mwaka 1945.