Guglielmo Marconi: Mtu Aliyeziunganisha Nyumba Mbili Bila Waya

Tarehe 11 Februari 1933, Papa Pius wa 11 alizindua njia ya simu ya aina mpya kabisa. Njia hiyo iliyaunganisha makao yake ya Vatican na kasri la Castel Gandolfo, lililoko kwenye vilima vya kusini-mashariki mwa Roma, umbali wa kilomita 20 na ushei. Sauti ilivuka umbali huo pasipo waya.

Vatican ilikuwa dola huru kwa miaka minne tu, tangu Mkataba wa Laterano uliotiwa saini tarehe kama hiyo mwaka 1929. Kasri la Castel Gandolfo lilikuwa mali ya Papa, lakini kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na ardhi ya nchi jirani, Italia. Waya wa kawaida ungelazimika kupita katika mashamba na barabara za jirani huyo. Mawimbi ya redio hayakuhitaji hata nguzo moja njiani. Aliyeujenga mtambo huo alikuwa Guglielmo Marconi, wakati huo akiwa na umri wa miaka 58, na jina lake lilikwisha kujulikana katika kila bandari ya dunia.

Leo kazi ya namna hiyo hufanywa hata na mtu wa kawaida nyumbani kwake. Mwenye ruta ya intaneti sebuleni na nyingine katika nyumba ya uani anaweza kuziunganisha kwa mawimbi, zikawa mtandao mmoja, bila kuchimba mtaro wala kutandaza waya. Anayefanya hivyo hukutana na maswali matatu: antena zikae wapi, mawimbi yapite katika masafa gani, na nani azuiwe kuingia. Maisha ya Marconi yalikuwa safari ndefu ya kuyajibu maswali hayohayo.

Kijana wa Villa Griffone

Marconi alizaliwa mjini Bologna, kaskazini mwa Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa Mwitaliano mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland, katika ukoo uliotajirika kwa kutengeneza wiski. Guglielmo hakupata shahada ya chuo kikuu. Alifundishwa fizikia na walimu binafsi, na Profesa Augusto Righi wa Bologna alimsaidia kwa maarifa na vitabu.

Mwaka 1894 alifariki Heinrich Hertz, mwanasayansi wa Kijerumani aliyethibitisha kwa majaribio kuwa mawimbi ya umeme husafiri hewani. Marconi alisoma habari za kazi yake akiwa mapumzikoni, na wazo likamganda akilini: ikiwa mawimbi yanasafiri, basi yanaweza kubebeshwa ujumbe. Aliporudi Villa Griffone, nyumba ya familia huko Pontecchio, aligeuza chumba cha juu kuwa karakana.

Vifaa alivyovitumia vilikuwa vimebuniwa na wengine. Alichoongeza yeye ni mpangilio. Mwaka 1895 aliinua ncha moja ya antena juu hewani na kuizika ya pili ardhini, na umbali ukaongezeka sana. Jaribio la mwisho lilivuka kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba, zaidi ya kilomita mbili. Aliyekuwa upande wa pili hakuonekana, kwa hiyo alipewa bunduki. Mlio wake ndio uliomjulisha kijana huyo kwamba ujumbe umefika. Fundi yeyote wa mitandao hujifunza jambo hilohilo: kuinua antena mita chache mara nyingi hufaa kuliko kuongeza nguvu za umeme.

Kutoka kwa Malkia hadi ng'ambo ya bahari

Mwaka 1896 Marconi alisafiri na mama yake kwenda London. Ndugu wa upande wa mama walimfungulia milango, na William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, akampokea. Mwezi Juni mwaka huo aliomba hataza ya uvumbuzi wake. Mei 1897 ujumbe wake ulivuka maji ya Mlango wa Bristol, kutoka kisiwa cha Flat Holm hadi Lavernock Point katika pwani ya Wales. Mwezi Julai kampuni yake ikaandikishwa. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Mwaka uliofuata alipata kazi iliyofanana sana na mahitaji ya nyumbani. Mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, aliumia goti akawa anauguzwa ndani ya jahazi la kifalme karibu na kisiwa cha Wight. Mama yake alikuwa katika nyumba ya Osborne kisiwani humo na alitaka kujua hali ya mwanawe kila siku. Marconi aliweka mtambo mmoja jahazini na mwingine katika viwanja vya Osborne. Kwa muda wa siku 16 takriban ujumbe 150 ulipita kati ya mama na mwana. Watu wengi waliouona uvumbuzi huo kama mchezo wa maabara walianza kuutazama kwa jicho jingine.

Mwezi Machi 1899 ujumbe ulivuka bahari kati ya Wimereux, Ufaransa, na South Foreland, Uingereza, umbali wa kilomita 50 hivi. Nchi mbili jirani zilizotenganishwa na maji zikawa zimeunganishwa kwa hewa.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalizaa tatizo. Mitambo miwili ilipotuma kwa wakati mmoja, sauti zake ziligongana na hakuna aliyesikia kitu. Mwaka 1900 Marconi alipata hataza maarufu yenye nambari 7777, iliyohusu namna ya kuulinganisha mtambo unaotuma na ule unaopokea ili vitumie masafa yaleyale na kuyaacha mengine. Msingi huo ndio unaoziwezesha leo ruta za majirani kumi kufanya kazi katika jengo moja, kila moja katika mkondo wake. Anayetaka kuunganisha ruta mbili hana budi kuziweka katika mkondo mmoja, la sivyo hazitasikilizana.

Tarehe 12 Desemba 1901, juu ya kilima cha Signal Hill huko Newfoundland, Marconi na msaidizi wake George Kemp walirusha tiara iliyobeba waya wa antena katikati ya upepo mkali. Kutoka Poldhu, Cornwall, umbali wa kilomita 3,400 hivi, kulikuwa kukitumwa vidoto vitatu vya herufi S. Wote wawili walieleza kuwa walivisikia. Mashahidi walikuwa wao tu, na wanasayansi kadhaa hawakuridhika. Mwezi Februari 1902 Marconi alipanda meli ya Philadelphia na kurekodi ujumbe juu ya utepe wa karatasi kadiri meli ilivyozidi kwenda mbali. Hapo ndipo alipogundua kuwa usiku mawimbi yalifika mbali zaidi kuliko mchana.

Mlango ulioachwa wazi

Marconi alikuwa akitangaza kwamba ulinganishaji wa masafa unalinda siri ya ujumbe. Mwezi Juni 1903 dai hilo lilivunjwa hadharani. Profesa John Ambrose Fleming alikuwa akiuonyesha mfumo wa Marconi katika ukumbi wa Royal Institution mjini London. Kabla ya ujumbe uliosubiriwa kufika, kifaa kilianza kuandika maneno ya kejeli. Yalitumwa na Nevil Maskelyne, mfanya mazingaombwe aliyeifahamu vyema telegrafu isiyo na waya, aliyekuwa na mtambo wake karibu na hapo. Fleming alikasirika na kulalamika magazetini. Maskelyne alijibu kuwa alitaka umma ujue ukweli.

Funzo la siku ile halijachakaa. Mawimbi hayajui mipaka ya ukuta. Yeyote aliye karibu na mwenye kifaa kinachofaa anaweza kuyasikia, na hata kuingilia. Ndiyo maana mtu anayeunganisha nyumba mbili kwa ruta hushauriwa kuweka nywila imara na usimbaji wa kisasa kabla ya kufurahia kasi ya mtandao wake.

Uhai wa watu baharini

Mwaka 1909 Marconi alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun. Lakini kilicholijaza jina lake masikioni mwa watu wa kawaida ni ajali ya meli ya Titanic, usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912. Vijana wawili waajiriwa wa kampuni yake, Jack Phillips na Harold Bride, waliendelea kuomba msaada kwa redio meli ikizama. Meli ya Carpathia iliwasikia na kuwaokoa watu wapatao 700. Zaidi ya watu 1,500 walipoteza maisha, Phillips akiwa mmoja wao. Meli ya Californian ilikuwa karibu zaidi, lakini mtumishi wake pekee wa redio alikuwa amekwenda kulala. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1914 kuhusu usalama wa baharini uliweka masharti ya zamu za kusikiliza redio melini.

Mwaka huohuo wa 1912 Marconi alipata ajali ya gari nchini Italia na kupoteza jicho lake la kulia. Hakuacha kazi. Kwa miaka mingi alikuwa ameamini kuwa mawimbi marefu na mitambo mikubwa ndiyo njia ya kufika mbali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akitumia meli yake Elettra kama maabara inayoelea, aliona kuwa mawimbi mafupi yaliyoelekezwa upande mmoja yalifika mbali kwa nguvu ndogo. Alikiri kuwa alikuwa amechelewa kuliona hilo. Kuanzia mwaka 1926 mitambo ya aina hiyo iliiunganisha Uingereza na Kanada, Australia, Afrika Kusini na India.

Njia ya Vatican ilikuwa hatua iliyofuata. Mawimbi yake yalikuwa na urefu wa karibu nusu mita, na yalikusanywa na viakisi kama mwanga wa tochi, yakaelekezwa mahali pamoja. Mawimbi ya Wi-Fi ya leo ni mafupi zaidi, ya sentimita 12 hivi au sita, lakini tabia yake ni ileile: hupenda njia iliyo wazi, hupungua nguvu yanapokutana na ukuta mnene, na hufika mbali zaidi yanapoelekezwa badala ya kutawanywa.

Kivuli juu ya jina

Maisha ya Marconi yana upande ambao wasomaji wa Afrika Mashariki hawawezi kuupita kimya. Mwaka 1923 alijiunga na chama cha Kifashisti cha Benito Mussolini. Mwaka 1930 akawa rais wa Akademia ya Kifalme ya Italia. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, aliuunga mkono uvamizi huo hadharani. Uchunguzi wa nyaraka za Akademia umeonyesha pia kuwa Wayahudi waliopendekezwa kuwa wanachama walitiwa alama na kuzuiwa chini ya uongozi wake, miaka kadhaa kabla ya sheria za ubaguzi za 1938. Aliyewaunganisha watu wa mbali alikubali kuwatenga watu wa karibu.

Hata sifa ya uvumbuzi wake iligombewa. Nikola Tesla, Oliver Lodge, Alexander Popov wa Urusi na Jagadish Chandra Bose wa India kila mmoja alikuwa amefanya kazi katika uwanja huo. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha madai muhimu ya hataza yake ya Marekani kuhusu ulinganishaji wa masafa, kwa sababu wengine walimtangulia.

Marconi hakuishi kuiona hukumu hiyo. Alifariki mjini Roma tarehe 20 Julai 1937, akiwa na umri wa miaka 63. Kwa heshima yake vituo vya redio katika nchi mbalimbali vilinyamaza kwa dakika mbili. Kwa muda huo hewa ilirudia ukimya uliokuwapo kabla ya majaribio ya Villa Griffone.

Mabaki yake yamelazwa Pontecchio, chini ya nyumba ileile alikoanzia kazi, na mahali hapo leo huitwa Pontecchio Marconi, sehemu ya mji wa Sasso Marconi. Urithi wake ni mchanganyiko, kama ulivyo wa watu wengi wakubwa. Fundi anayepanda paa kuelekeza antena ya nyumba moja kwa nyingine anatumia maarifa yaliyokusanywa na mikono mingi, na mkono wa Marconi ni mmoja wao. Jinsi ya kuunganisha, Marconi aliijua kuliko wengi wa zama zake. Nani aunganishwe na nani aachwe nje ni swali ambalo hakulijibu vema, na ambalo kila mwenye mtambo bado analijibu mwenyewe.