Maisha ya Mwalimu Carey Francis, na Neno la Shukrani



Ni desturi ya kitabu hiki, baada ya hesabu za fedha na majina ya waliotoa, kuweka kando kurasa chache kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia, ili msomaji apate kitu cha kwenda nacho nyumbani kisichohesabiwa kwa shilingi. Mwaka huu tumemchagua Edward Carey Francis, mwalimu, aliyefariki Nairobi mwaka 1966. Wazee wengi wa Kesses walilisikia jina lake walipokuwa vijana. Watoto wetu wa leo hawalijui.

Hatukumchagua bure. Wote waliohudhuria mkutano mkuu wanakumbuka maneno yaliyozuka juu ya watoto ambao chama huwalipia karo katika shule ya dini iliyo karibu nasi. Walisimama wanachama wakalalamika kwamba mtoto hulipiwa miaka minne, na akiisha kumaliza hapiti hata mlangoni pa mwenyekiti kusema asante. Wengine wakasema kwamba wapo wanaoacha masomo njiani kwa sababu ndogo tu, ama adhabu, ama hesabu iliyowashinda. Likatolewa shauri kwamba mfuko wa karo ufungwe, na fedha zitiwe katika ununuzi wa mbegu na mbolea. Shauri hilo halikukatwa. Liliwekwa mpaka mkutano ujao. Basi twaomba kila mwanachama asome habari hizi kwanza, ndipo aje na neno lake.

Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Alisoma katika shule ya William Ellis ya mji huo huo, akaonekana mapema kuwa na akili kubwa ya hesabu. Vita Kuu ya kwanza vilipotokea alikwenda Ufaransa katika kikosi cha mizinga, akaona kwa macho yake vijana wa rika lake wakifa. Aliporudi aliingia Chuo cha Trinity katika Cambridge, akashinda mitihani ya hesabu kwa sifa kubwa, na tangu mwaka 1922 akawa mwalimu katika chuo cha Peterhouse, hapo hapo Cambridge. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya kutafuta kazi tena. Angaliweza kukaa hapo hata uzee, akiheshimiwa na wenye elimu, na kuandika vitabu kwa watu wachache wenye kuvifahamu.

Lakini mwaka 1928 aliacha yote hayo akaja Kenya, chini ya misheni ya CMS, kuwa mkuu wa shule ya Maseno, karibu na Kisumu, mahali ambapo mstari wa Ikweta unapita. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1906. Aliyekuwa akifundisha hesabu za juu kwa vijana wa Cambridge sasa alisimama mbele ya watoto wa Nyanza, akawafundisha kugawanya na kuzidisha. Hakuona kwamba ameshuka. Alitunga vitabu vya hesabu kwa ajili ya watoto wa shule za Afrika Mashariki, navyo vilitumika katika shule nyingi kwa miaka mingi. Bila shaka wamo miongoni mwa wazee wetu waliohesabu mara yao ya kwanza kwa vitabu hivyo bila kujua jina la aliyevitunga.

Maseno alikaa miaka 12. Hakuoa, wala hakuwa na mtoto wake wa kumzaa. Saa zake zilikuwa za wanafunzi: darasani asubuhi, uwanja wa mpira jioni, na ibada mwanzo na mwisho wa siku. Alikuwa mkali sana, tena mkali wa kuogopwa. Hakupenda uvivu, wala uchafu, wala uongo. Lakini mtoto aliyeshindwa na hesabu alijua kwamba mwalimu huyu hatachoka kabla yake. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, alikuwa mmoja wa wanafunzi wa Maseno katika siku hizo.

Mwaka 1940 alihamishiwa shule ya Alliance, kule Kikuyu. Shule hii ilifunguliwa mwaka 1926 kwa umoja wa misheni za Kiprotestanti, ikawa miongoni mwa shule chache sana zilizompa Mwafrika elimu ya sekondari. Watoto waliingia kutoka pande zote za nchi, Pwani, Nyanza, Ukambani, Mlima Kenya, na kwetu huku Bonde la Ufa. Mwana wa Nandi, Jean-Marie Seroney, aliyekuja kuwa mbunge na Naibu wa Spika, alisoma hapo. Benjamin Kipkorir wa Marakwet naye alisoma hapo, na baadaye akaandika historia ya shule hiyo na ya mkuu wake.

Hapa twataka wazee watulie kidogo, maana hapa ndipo penye somo. Watoto walioingia Alliance walikuwa wateule. Kijiji kizima kiliweza kumtuma mtoto mmoja tu, naye akirudi likizo alipokewa kama bwana mdogo. Ilikuwa rahisi mno mtoto wa namna hiyo kujiona kwamba ametengwa na jembe na ufagio. Carey Francis aliiona hatari hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Alliance, hata awe mshindi wa mitihani yote, alifagia bweni lake mwenyewe, alifyeka majani ya kiwanja, na mahali pake pakakaguliwa. Tena siku ya Jumapili wanafunzi walitoka kwenda vijijini jirani kuwafundisha watoto ambao hawakupata nafasi waliyoipata wao. Shule ilifundisha kwamba nguvu ya elimu ni ya kutumikia, na neno hilo ndilo lililokuwa wito wake.

Tuangalie jambo hili vizuri. Hakuwakusanya watoto kila mwisho wa muhula ili wamshukuru yeye, wala misheni, wala waliotoa fedha. Aliwapa kazi ya kuwafanyia wengine. Mtoto aliyeketi chini ya mti siku ya Jumapili akimfundisha mtoto wa jirani alianza kufahamu, bila kuambiwa, jinsi ilivyo taabu kumfundisha mtu, na kwa hiyo jinsi alivyotaabikiwa yeye. Shukrani iliyodaiwa hukaa mdomoni. Hii ilimwingia mtoto kwa njia ya mikono.

Na uvumilivu nao aliufundisha vivyo hivyo. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na shule ya Alliance ilikuwa katikati ya nchi ya Wakikuyu, mahali penyewe pa mateso. Mwanafunzi mmoja aliyeingia mwaka 1955, Ngugi wa Thiong'o, alikwenda nyumbani mwisho wa muhula wake wa kwanza akakuta kijiji chao kimebomolewa, na watu wamehamishwa. Ndugu yake alikuwa msituni. Mtoto huyo alirudi darasani, akaendelea mpaka akamaliza mwaka 1958, na dunia nzima ikaja kumjua kwa vitabu vyake. Nani angalimlaumu kama angaliacha? Lakini alikuwa na mahali pa kurudi, palipokuwa na kengele inayolia kwa wakati wake na mwalimu asiyebadilika. Mtoto huvumilia akiona mtu mzima aliyevumilia kabla yake.

Hatusemi kwamba Carey Francis hakuwa na kosa. Wazee wetu hawapendi sifa za uongo, hata kwa wafu. Alikuwa Mzungu wa wakati wake. Aliwaona Waafrika kuwa bado wanahitaji kungoja, wakati wenyewe walikuwa wamekwisha kuchoka kungoja. Aliupinga Mau Mau kwa moyo wake wote, wala hakuitazama siasa ya wanafunzi wake kwa furaha. Kiboko chake wengine hawakukisahau. Lakini askari wa serikali walipowapiga na kuwatesa watu wasio na hatia, hakunyamaza kwa kuwa ni wa rangi yake. Alipeleka malalamiko yake kwa wakubwa. Na wale vijana aliowadhania kwamba bado hawajawa tayari, wengi wao ndio waliokuja kushika wizara, mahakama na shule za Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Alipanda mbegu iliyomea kuliko alivyotazamia mwenyewe.

Sasa twafika mahali ambapo, kwa maoni yetu, ndipo penye ukuu wake. Mwishoni mwa mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 65, aliacha ukuu wa Alliance baada ya miaka 22. Watu walitazamia kwamba atarudi Uingereza akapumzike, kama walivyofanya wengi. Hakurudi. Alikwenda shule ya sekondari ya Pumwani, katika mtaa wa maskini wa Nairobi, akaomba kufundisha hapo kama mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine. Mtu aliyekuwa mkuu wa shule kwa miaka 34, ambaye wanafunzi wake walikuwa mawaziri, alishika tena chaki akafundisha hesabu watoto wa Pumwani. Hakudai kiti cha mbele. Aliifanya kazi hiyo mpaka kifo kilipomkuta, mwezi wa Julai 1966. Akazikwa katika ardhi ya shule ya Alliance, kati ya wale aliowahudumia.

Basi turudi kwetu Kesses. Mashamba tunayolima leo yalikuwa ya walowezi, na wengi wa baba zetu walikuwa vibarua humo. Baada ya uhuru walichanga senti kwa senti mpaka wakapata ardhi, wakajenga madarasa ya udongo kwanza, kisha ya mawe. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa papa hapa Kesses. Mtoto wa leo huona chuo hicho kila siku njiani, hudhani kimekuwapo tangu kuumbwa ulimwengu. Je, ni kosa lake? Nani amemweleza? Tumemlipia karo, lakini hatujamwambia ni mzee gani aliyeuza ng'ombe, wala ni mama gani aliyebeba mawe ya darasa analokalia. Hatuwezi kudai shukrani kwa jambo ambalo hatukulisimulia.

Kwa hiyo sisi tulioandika kurasa hizi twatoa shauri letu kwa heshima. Mfuko wa karo usifungwe. Lakini kila mtoto anayelipiwa na chama apewe kazi wakati wa likizo: awafundishe kusoma na kuhesabu watoto wadogo wa kijiji chake kwa saa chache kila juma, au asafishe njia ya mtoni, au amsaidie mzee asiye na mtu kuvuna mahindi yake. Kazi hiyo isiwe malipo ya deni, wala isiandikwe katika daftari la madeni. Iwe ni sehemu ya elimu yake. Na kila mzee amchukue mtoto mmoja, amsimulie jinsi mahali hapa palivyopatikana. Mtoto akishindwa na masomo, mtu mzima aende shuleni kukaa naye na kumtia moyo, asingoje kupelekewa habari kwamba ameacha.

Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Carey Francis alikwenda zake na hakugeuka kuangalia nani anamfuata. Waliomfuata walikuwa wengi. Tukitaka watoto wetu wawe wenye shukrani, na watuone sisi kwanza tukitoa bila kunung'unika. Na tukitaka wavumilie, tusiwe sisi wa kwanza kuufunga mfuko katika mwaka wa pili wa taabu.

Twawatakia wanachama wote mvua njema na mavuno, na kwa watoto wetu waliomo shuleni, moyo wa kumaliza walichokianza.