Rudolf Diesel: Fundi wa barafu aliyelazimika kupoza injini

JINA lake hutajwa kila siku kwenye vituo vya mafuta vya Bukoba na Muleba, lakini wachache wanajua kuwa lilikuwa jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1858, na wazazi Wajerumani. Baba yake alikuwa fundi wa bidhaa za ngozi. Vita vya mwaka 1870 viliifukuza familia hiyo hadi London, naye akapelekwa kwa ndugu zake mjini Augsburg, Ujerumani, kusoma.

Chuoni Munich alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za kugandisha. Alipohitimu mwaka 1880 alirudi Paris kufanya kazi kwenye kiwanda cha barafu cha mwalimu wake.

Ajabu ni kwamba mtu huyu wa barafu, alipounda injini yake ya kwanza mwaka 1893, hakuiwekea maji ya kupozea. Aliona joto linalochukuliwa na maji ni nguvu inayopotea bure. Majaribio yalimfundisha vingine. Baadaye aliizungushia injini yake maji, na Februari 1897 ilipopimwa iligeuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, zaidi ya mara mbili ya injini nyingi za mvuke za wakati huo.

Sifa hazikumwokoa na madeni. Usiku wa Septemba 29, 1913 alitoweka kwenye meli ya Dresden akielekea Uingereza, na mwili wake ulionekana baharini siku kadhaa baadaye. Hakuyaona malori ya dizeli, ambayo Benz na MAN walianza kuyatoa miaka ya 1923 na 1924.

Somo alilolipata linamhusu kila mwenye lori la ndizi au kahawa linalopita barabara ya Kagoma hadi Lusahunga. Huku kwetu ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji matupu huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, si 100. Kulanti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huchelewa kuchemka, huzuia kutu, na hulinda laina zisitobolewe na viputo vinavyopasukia kwenye kuta zake.

Nunua aina iliyotajwa kwenye kitabu cha injini, usifuate rangi tu, wala usichanganye aina mbili. Tumia maji safi. Ya kisima chenye chumvichumvi huacha ukoko ndani ya rejeta. Angalia kiwango asubuhi injini ikiwa baridi, na usifungue mfuniko ikiwa moto. Mfuniko uliolegea ubadilishe, maana ndio unaoshikilia mgandamizo.

Dumu la kulanti ni rahisi kuliko silinda heda iliyopinda na mzigo wa ndizi ulioivia barabarani.